Boma la Mpala: nyumba ya kale na wenyewe wake



Mwaka wa yubilei ni mwaka wa kukumbuka. Kitabu cha Walawi kinaeleza ginsi Waisraeli walivyoagizwa kufanya kila mwaka wa 50: baragumu ilipigwa katika inchi yote, watumwa waliachiliwa, na shamba lililouzwa lilirudi mkononi mwa jamaa iliyokuwa nalo tangu zamani. Basi, tangu mwanzo yubilei ina swali lake: kitu hiki tunachokitumia leo, mwenyewe wake wa kwanza alikuwa nani?

Katika kurasa hizi tumetaka kuliuliza swali hilo juu ya nyumba moja. Haiko Likasi. Ilijengwa kando ya ziwa Tanganyika, mahali panapoitwa Mpala, kaskazini mwa Moba. Tunajua vema kwamba kwetu huku kusini Injili ililetwa na Wabenedikto, waliofika Katanga mwaka 1910 pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa kiisha Askofu wetu. Lakini miaka 25 mbele yao, Misa ilikuwa ikisomwa Mpala. Katika eneo lote ambalo kiisha liliitwa jimbo la Katanga, misioni ya Kikatoliki ya kwanza ilikaa katika nyumba hiyo. Na nyumba hiyo haikujengwa na mapadri. Ilijengwa na askari.

I. Mahali na sultani wake

Mto Lufuko unashuka toka milima ya Marungu na kuingia ziwani penye uwanda mzuri wa Lubanda. Hapo waliishi Watabwa, watu wa kulima, kuvua samaki na kuwinda. Sultani wa pale aliitwa Mpala. Kwa desturi za wankambo, sultani alikuwa mtunzaji wa inchi: yeye aliwapa wageni mahali pa kujenga na pa kulima, naye aliwaombea watu mvua na mavuno.

Miaka ile ilikuwa miaka ya hofu. Njia za biashara ya pembe za tembo na ya watumwa zilivuka ziwa kwenda Ujiji, na toka Ujiji mpaka pwani ya bahari. Mwenye bunduki alimteka asiye na bunduki. Sultani mdogo kama Mpala alitafuta rafiki mwenye nguvu, ili watu wake wapate usingizi. Tusisahau jambo hilo tunapouliza kwa nini alimpokea mzungu.

II. Mzungu aliyeitwa Bwana Boma

Mwaka 1876, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikusanya wataalamu wa safari mjini Brussels, na hapo ikaundwa Shirika la Kimataifa la Afrika. Kwa maneno yake, Shirika lilitaka kujenga vituo vya kupokea wasafiri, kuchunguza inchi na kupinga biashara ya watumwa. Kituo cha kwanza ziwani kilijengwa mwaka 1879 na Kapiteni Cambier kule Karema, ng'ambo ya mashariki, katika inchi inayoitwa leo Tanzania.

Mwaka 1882 alifika Karema Luteni Émile Storms. Alizaliwa mwaka 1846 kule Wetteren, katika Flandria. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye bidii na mkali, asiyependa kukaa bure. Hakuridhika na kituo kimoja; alitaka kuvuka ziwa. Tarehe 4 ya mwezi wa tano 1883, yeye na sultani Mpala walikubaliana, na ujenzi ukaanza kule Lubanda. Storms na Mpala walichanjiana damu wakawa ndugu. Kwa Watabwa, undugu wa namna hiyo si mchezo: ndugu wa damu hamdanganyi nduguye, na mali ya mmoja ni msaada wa mwingine. Kwa Storms, mapatano yale yalikuwa pia karatasi ya kuonyesha Ulaya kwamba inchi imepata bwana mpya. Hivyo tangu siku ya kwanza nyumba ile ilisimama juu ya agano lenye maana mbili.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, miti na majani. Miti ilikatwa milimani, udongo ulikanyagwa karibu na mto, majani yaliletwa kwa mizigo. Katika Ulaya ya zamani wakulima nao walijenga hivi: walisimamisha kiunzi cha miti, wakajaza nafasi kwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Nyumba kama hizo zingali zinaonekana vijijini mwa Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji. Basi wajenzi wa Mpala hawakuhitaji kufundishwa kazi ya udongo na miti. Waliijua toka kwa baba zao. Kilichokuwa kigeni ni umbo na ukubwa: kuta nene za kujilinda, na watu wenye bunduki ndani yake. Watu wakampa Storms jina la nyumba yake. Wakamwita Bwana Boma.

Kazi ilifanywa na wenyeji pamoja na wangwana, ndio askari na wapagazi waliotoka upande wa pwani na Unyamwezi. Neno wangwana maana yake watu huru, wasio watumwa. Lugha yao ya kuagizana kazi, kuhesabu mizigo na kupatanisha watu wa makabila mbalimbali ilikuwa Kiswahili, na kwa jina lao watu wakaiita Kingwana. Ndiyo lugha ya kurasa hizi. Haikuzaliwa Mpala, lakini ilipita kwa milango ya nyumba kama ile.

Safari za kuja huku kwetu zilipita pale vilevile. Mwaka 1883 Wajerumani wawili, Richard Böhm na Paul Reichard, waliondoka Mpala kwenda kwa Msiri, mfalme wa Wayeke, ambaye habari za shaba yake zilikuwa zimefika mbali. Böhm alikufa safarini mwezi wa tatu 1884. Njia ya toka ziwani mpaka Bunkeya ilikuwa imefunguka.

III. Damu ya Lusinga

Huko milimani alikaa sultani mwingine, jina lake Lusinga. Hatutaki kumpamba. Alikuwa mtu wa vita. Alivamia vijiji, akauza watu ili apate bunduki na baruti. Wengi walimwogopa, na watu wa Mpala miongoni mwao. Lakini Lusinga hakukubali kuinama mbele ya Bwana Boma, na katika inchi moja hapakuwa na nafasi kwa wawili wenye kutaka ushuru na utii wa wote.

Tarehe 4 ya mwezi wa kumi na mbili 1884, askari wa Storms walifika kijijini mwa Lusinga. Walimwua, wakamkata kichwa, wakakileta Mpala. Kijiji kilichomwa, watu wengi walikufa, wengine walitekwa. Baada ya hapo masultani wa jirani walikuja mmoja mmoja kumheshimu Storms. Nyumba iliyojengwa kwa jina la kupinga vita vya watumwa ilipata utii wa inchi kwa njia ileile ya vita.

Storms aliondoka na fuvu la Lusinga, na mafuvu ya watu wengine wawili waliouawa, akayapeleka Ubelgiji. Mwaka 1886 daktari mmoja aitwaye Houzé aliyapima mbele ya chama cha wataalamu mjini Brussels, kwa elimu ya uongo ya wakati ule iliyotaka kupima akili ya mtu kwa umbo la kichwa chake. Storms alikamata pia sanamu ya mti iliyokuwa ya Lusinga, mfano wa mnkambo wa ukoo wake. Baada ya kifo cha Storms mwaka 1918, mjane wake aliitoa kwa Makumbusho ya Tervuren. Watu wengi wameitazama humo wakisifu ufundi wa Watabwa, wasijue ilitoka katika moto gani.

IV. Nyumba inapata mwenyewe mwingine

Bwana Boma hakukaa muda mrefu katika nyumba yake. Mwaka 1885, miezi michache mbele ya kuondoka kwake, moto uliikamata, na majani na miti vikaungua. Wakati ule ule habari nyingine ilikuwa njiani. Mkutano wa Berlin, uliomalizika mwezi wa pili 1885, ulimpa Mfalme Leopold nafasi ya kuunda dola lake katika bonde la mto Kongo. Nguvu zake na franga zake akazielekeza upande wa mto na bahari ya magharibi. Vituo vya Tanganyika vilikuwa mbali, tena vyenye gharama. Akamtolea Kardinali Lavigerie, Askofu Mkuu wa Alger na mwanzilishi wa Mapadri Weupe, vituo vyote viwili, Karema na Mpala.

Storms alipokea amri kwa uchungu. Mwezi wa saba 1885 mapadri Isaac Moinet na Auguste Moncet walifika Mpala wakapokea nyumba, askari, bunduki, na utii wa masultani. Tuangalie sana neno hili. Mapadri wawili, waliokuja kufundisha katekisimu, walikuta wamerithi ufalme mdogo. Watu walikuja kwao kuamuliwa mashauri. Hatari ilipofika, wao ndio waliopaswa kutuma askari. Kardinali mwenyewe alikuwa na ndoto ya kuona ufalme wa kikristo katikati ya Afrika, ambamo watu wangekaa salama mbali na wateka watumwa.

Wema wa kazi yao ni mkubwa, na yubilei ni wakati wa kuusema. Waliwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa, wakawalisha, wakawafundisha. Waliokimbia vita walipata mahali pa kulala. Mapadri wengi walikufa kwa homa wangali vijana. Lakini ukweli nao una haki yake: mapadri hawakuulizwa na wenye inchi kama wawe masultani wao. Zawadi ile ilitolewa na mfalme aliye mbali, juu ya kitu ambacho sultani Mpala alikuwa amemkopesha ndugu yake wa damu.

V. Kapiteni Joubert na Agnes Atakao

Ili mapadri wapate kurudi kwa kazi yao ya roho, Kardinali Lavigerie alimtuma mlei mmoja achukue kazi ya ulinzi. Ludovic Joubert alizaliwa mwaka 1842 kule Saint-Herblon, Ufaransa. Katika ujana wake alikuwa askari wa Papa, akajeruhiwa kule Castelfidardo mwaka 1860. Alifika Mpala mwezi wa tatu 1887, kiisha akakaa Mrumbi, mahali alipopaita Saint-Louis.

Joubert naye alishika bunduki. Katika miaka ya 1890 na kuendelea, watu wa Rumaliza, mfanya biashara mkubwa wa Ujiji, walivamia pwani ya magharibi ya ziwa, na Joubert aliwapinga kwa askari wachache na baruti kidogo. Mwisho wa mwaka 1891 Kapiteni Jacques alifika kumsaidia, akajenga Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Tangu hapo serikali, Bulamatari kama wazee walivyoiita, ilianza kushika utawala wa inchi, na ndoto ya ufalme wa kikristo ikaisha.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya Storms na Joubert. Storms alikaa miaka mitatu, akarudi kwao na vitu vya watu. Joubert alikuja akabaki. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, mwanamke mkristo wa huko, kwa ndoa takatifu mbele ya Kanisa, wakati ambapo wazungu wengi waliwatumia wanawake wa inchi na kuwaacha pamoja na watoto wao. Alilima, aliwatibu wagonjwa, alifundisha katekisimu. Alizeeka, macho yake yakapofuka, akafa mwezi wa tano 1927 katika inchi ya Moba, akazikwa humo. Ndugu wapenzi, vitabu vinamtaja sana Kapiteni na kumsahau mkewe. Sisi tunataka jina la Agnes Atakao litajwe katika yubilei yetu, kwa sababu bila yeye Joubert angebaki mgeni.

VI. Matunda

Nyumba ya askari ikawa nyumba ya masomo. Monsenyeri Victor Roelens, aliyewekwa Askofu mwaka 1896, alitaka vijana wa inchi wapate masomo ya upadri, na masomo hayo yalianzia Mpala. Mmoja wa vijana wale alikuwa Mtabwa, Stefano Kaoze. Tarehe 21 ya mwezi wa saba 1917, kule Baudouinville, yaani Moba, alipewa upadri, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu. Alikuwa pia mwandishi. Maandishi yake juu ya fikara za Wabantu yalianza kutolewa mwaka 1910, wakati ambapo wazungu wengi walidhani kwamba mtu mweusi hawezi kuandika kitabu. Mahali ambapo vichwa vya watu vilikuwa vimeletwa kama nyara za vita, kijana wa inchi alikaa akasoma Kilatini, na kwa kalamu yake akaonyesha namna watu wake wanavyofikiri. Mungu anajua kujibu.

Tunda la pili linatoka katika jamaa ya Agnes Atakao. Mwana wake Albert Joubert, aliyezaliwa Mrumbi mwaka 1908, alipewa upadri mwaka 1935. Wakati wa vita vya waasi aliuawa kule Fizi, tarehe 28 ya mwezi wa kumi na moja 1964, siku ileile walipouawa wamisionari watatu Waksaveri toka Italia. Tarehe 18 ya mwezi wa nane 2024, kule Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri. Baba alikuja na bunduki ili kulinda imani. Mwana hakuwa na silaha, akaitoa damu yake.

VII. Yubilei inatudai nini?

Sasa turudi kwa swali letu. Mwenyewe wa kwanza wa nyumba ya Mpala alikuwa nani? Vitabu vya zamani vinajibu: Émile Storms. Naye Storms alipata kuwa jenerali, na sanamu yake ilisimamishwa katika bustani ya mji huko Brussels. Lakini mwaka 2018 gazeti moja la Ubelgiji liliandika habari za fuvu la Lusinga, kwamba limehifadhiwa katika Taasisi ya Sayansi ya Maumbile mjini humo. Watu wengi walishtuka, na mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa pale ilipokuwa.

Wenyeji wa Tanganyika hawakungoja gazeti. Nyumba ile hawakuiita kamwe kwa jina la Storms. Misioni, kijiji, na parokia vikaitwa Mpala, jina la sultani aliyempokea mgeni. Ndilo jibu lao, nasi twaliona kuwa la haki. Aliyetoa udongo, miti, mikono ya watu na ruhusa ya inchi, ndiye mwenyewe wa kwanza.

Sisi watu wa Likasi tunalielewa jambo hili. Mji wetu uliitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot wa Union Minière, na mwaka 1966 ukarudishiwa jina la Likasi. Mbele ya Union Minière kuzaliwa mwaka 1906, na mbele ya Jules Cornet kuja kuchunguza mawe ya Katanga mwaka 1892, wazee wa inchi hii walikuwa wamekwisha kuchimba mawe ya kijani, kuyayeyusha katika tanuru za udongo na kutengeneza misalaba ya shaba. Mfalme Msiri naye, aliyetawala shaba hiyo, aliuawa Bunkeya tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili 1891 na watu wa safari ya Kapiteni Stairs, waliovuka ziwa toka Karema. Naye alikatwa kichwa. Njia ileile iliyofunguliwa na nyumba ya Mpala ilileta kwetu jeraha lilelile.

Je, tuseme basi kwamba imani yetu ni tunda la damu ya Lusinga? Hapana. Imani ni zawadi ya Mungu, nayo haihitaji jeuri ya mtu. Lakini ilikaa katika nyumba iliyokuwa na deni, na mtoto mwema anayerithi nyumba ya baba yake hurithi pia madeni yake. Zakayo, siku Bwana alipoingia nyumbani mwake, hakutosheka kufurahi, aliahidi kurudisha. Kurudisha ni sehemu ya furaha.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu katika yubilei hii. La kwanza, wazee wetu waliotoka Tanganyika, ambao walikuja kufanya kazi katika migodi na viwanda vya Likasi, waketi na vijana wa parokia wawahadithie habari walizozipokea, kwa maana mzee akifa bila kusema, nyumba nzima imeungua. La pili, katika sala za marehemu tumkumbuke sultani Mpala, tumkumbuke Lusinga na watu wote waliokufa siku ile, pamoja na watumwa ambao Lusinga aliwauza, kwa kuwa hao hawana kaburi wala jina. La tatu, tuunge mkono wale wote wanaodai kwamba mifupa ya wankambo irudi kuzikwa katika inchi yao kwa heshima. Maiti si kitu cha kuwekwa katika sanduku la kioo. Kanisa linatufundisha kwamba mwili wa mtu unangoja ufufuko.

Kuta za udongo huanguka, na majani ya paa huliwa na moto, ndugu wapenzi. Kitakachobaki katika parokia yetu ni haki tuliyoitenda na upendo tulioutoa. Mama Maria, Malkia wa Afrika, atuombee. Na Mwenye Heri Albert Joubert, mwana wa Agnes wa Mrumbi, atuombee sisi wa Likasi.